Itifaki ya Tao la Tano

Haya, kinasa sauti kimewaka taa nyekundu, maana yake kinanisikia. Mimi ni Mkongea Shadhili, Mkurugenzi wa Itifaki na Shangwe wa nchi yetu. Jina la nchi sitalitaja, kwa sababu kwetu kila anayelitaja lazima asimame wima, nami nimekaa. Nimekaa behewa la kwanza, dirishani, kwenye kiti chenye kitambaa cha kudarizi, na chupa yangu ya maji imebandikwa cheo changu. Leo tunazindua daraja la reli kwa mara ya pili. Treni bado imesimama stesheni na hotuba hazijaanza, basi nimeona nieleze historia ya ujenzi na gharama zake, maana huko mitaani watu wanasema ovyo.

Daraja letu lina matao tisa. Linavuka Korongo la Nyasumbi, ambako ukichungulia chini ng'ombe wanaonekana kama maharage. Wazo lenyewe ni la enzi za yule malkia wa ng'ambo ambaye picha yake ilikuwa kwenye kila sarafu na hakuwahi kuja hata kunywa maji. Gavana wake alileta wahandisi wenye masharubu, wakachora matao tisa kwenye karatasi nzuri sana, wakatoza kodi kila kibanda, wakajenga nguzo mbili. Nguzo hizo mbili ziliua watu wengi, wengine wa ukoo wangu. Majina yao hayakuandikwa popote, kwa sababu mahali pa kuandika palikuwa pamejaa jina la Gavana. Aliweka jiwe la msingi lenye ukubwa wa kitanda, akaacha amri kwamba jina la kiongozi likishawekwa kwenye jiwe lisifunikwe na kitu chochote, hata kivuli. Kisha fedha zikaisha, akarudi kwao. Tulipopata uhuru tulifuta kila kitu chake, tukabakiza hiyo amri tu. Tuliona inatufaa.

Sasa gharama. Wapinzani wanauliza fedha za daraja zilikwenda wapi, utadhani zilikuwa na miguu. Hazikwenda popote, zilikuwa hapohapo, zinaliwa. Kila nguzo inahitaji jiwe la msingi, kila jiwe linahitaji mgeni rasmi, na mgeni rasmi si mtu wa kusimamishwa juani. Anahitaji turubai, zulia jekundu, bendi ya matarumbeta, ng'ombe wa kuchinjwa na fulana za kugawa zenye picha yake akitabasamu. Nguzo ilipata kilichobaki. Waziri wa Fedha alilifafanua vizuri sana bungeni. Alisema, "Mheshimiwa Spika, saruji inaweza kusubiri mwaka ujao, lakini pilau ikishaiva nani ataisubirisha?" Bunge zima likapiga meza.

Mpaka nguzo ya nne hatukuwa na shida. Mawaziri waliweka mawe yao pembeni, nguzo zikajengwa, majina yakabaki yanasomeka. Shida, kama ni shida, ilianzia nguzo ya tano, kwa sababu jiwe la hiyo aliliweka Mlezi Mkuu mwenyewe.

Mlezi Mkuu ndiye kiongozi wetu wa maisha, na miguu yake haikanyagi vumbi. Siku ile zulia lilitandazwa mpaka katikati ya shimo la msingi wa nguzo, likaishia hapo. Lilitakiwa kukata kona kwenda pembeni, lakini kipande cha kona kilikuwa kimechukuliwa na mtu kikawekwe sebuleni kwake, sitaki kumtaja, ni shemeji yangu. Mlezi Mkuu akafika mwisho wa zulia, akatazama vumbi, akatazama viatu vyake, akasema, "Liwekwe hapa nilipo." Likawekwa. Katikati kabisa ya mahali ambapo nguzo ilitakiwa kusimama.

Hapo ndipo anapoingia Mhandisi Tumsifu Kalekwa, msimamizi wa ujenzi. Tumsifu alikuwa mtu wa heshima, ila alikuwa na tabia moja mbaya ya kuuliza daraja litasimamaje. Aliomba jiwe lisogezwe. Akaambiwa kumsogeza Mlezi Mkuu ni mapinduzi. Akaomba basi nguzo ijengwe juu yake. Akaonyeshwa amri ya Gavana, hata kivuli. Kamati ya Daraja ikatafakari, ikala, ikatafakari tena, ikatoa busara: nguzo ijengwe kuzunguka jiwe. Kuta nne nyembamba, ndani wazi kama chumba cha kupanga, na mlango, taa na kapeti, ili wageni waingie kusoma jina.

Tumsifu alisimama mbele ya kamati. Nilikuwapo.

"Waheshimiwa, nguzo ikiwa tupu ndani haiwezi kubeba treni."

"Nani kasema ni tupu?" Mwenyekiti akamuuliza, amekunja uso. "Ndani yake kuna jina la Mlezi Mkuu. Wewe unaona jina la Mlezi Mkuu ni kitu kitupu?"

Kwa kweli swali lile lilikuwa zito. Tumsifu akabembeleza mpaka akapewa jambo moja: siku ya uzinduzi treni itaingia darajani, itafika tao la tatu, itasimama watu wapige picha, kisha itarudi kinyumenyume huku tunapiga makofi. Akashukuru. Nilimwona akifuta macho kwa tai. Nikajiuliza, mtu mzima analia kwa ajili ya tao?

Siku ya uzinduzi ikafika. Wakati ule nilikuwa mshereheshaji tu, lakini kipaza sauti cha taifa kilikuwa mkononi mwangu, na kitufe chake kilikuwa chini ya kidole gumba changu. Simu zote zilikusanywa langoni kwenye matenga, kwa ajili ya usalama. Vipaza sauti vikubwa vilifungwa kwenye kingo za daraja mpaka tao la mwisho, ili hata mbuzi wa ng'ambo ya korongo wasikose hotuba. Na kwetu, Mlezi Mkuu akishaketi hakuna anayenyanyuka bila kuitwa. Walinzi wako nyuma ya viti kwa kazi hiyo tu.

Asubuhi hiyo mambo mawili yalibadilika. La kwanza, televisheni ilisema dereva aliyepangwa hana sura ya maendeleo, wakataka mwanamke. Dereva mwanamke wa treni tulikuwa naye mmoja, Zamda, mke wa Tumsifu. La pili, Mshauri wa Mlezi Mkuu alinijia akaninong'oneza, "Mzee anauliza, hili daraja linavukwa au linachunguliwa?"

"Linavukwa," nikasema haraka. Wewe ungesema nini?

Basi nikateremka mwenyewe stesheni kumpa Zamda maagizo mapya. Alikuwa anafuta kioo cha kichwa cha treni kwa kanga kuukuu, amevaa sare imepigwa pasi mpaka inakata. Mabehewani nyuma yake kwaya ya shule ya msingi ilikuwa inajaribu sauti.

"Mpango umebadilika," nikamwambia. "Husimami tao la tatu. Unavuka lote."

"Baba Tunu anajua?"

"Kamati inajua."

Akacheka. "Haya. Mume wangu alijenge, halafu mimi niliogope? Si nitakuwa namwaibisha mwenzangu." Akapanda, akakaa kwenye kiti chake, akanipungia kanga.

Tumsifu alipata habari pamoja na taifa zima. Nilitangaza kwa sauti yangu ile nzito, "Ndugu wananchi, treni yetu, ikiendeshwa na mwanamama shupavu Zamda Kalekwa, sasa itavuka daraja lote, tao la kwanza mpaka la tisa!" Honi ikalia, bendi ikapokea, treni ikaanza kutambaa. Nikamwona Tumsifu kule meza ya wataalamu ananyanyuka kama aliyekalia siafu. Mlinzi akamkandamiza bega, akakaa. Akanyanyuka, akakandamizwa tena.

Bahati yake, ratiba ilikuwa upande wake. Kilichofuata kilikuwa "Maelezo Mafupi ya Mhandisi". Nikamwita. Alikuja mbio, jambo ambalo si zuri mbele ya meza kuu, akakiinamia kipaza sauti mkononi mwangu.

"Simamisheni treni! Nguzo ya ta—"

Nikabonyeza kitufe. Sauti ikakatika.

"Mhandisi," nikamwambia taratibu, watu wakicheka, "itifaki."

"Bwana Mkongea, mke wangu yuko kwenye ile treni."

"Hongera sana. Lakini itifaki."

Kwa msikilizaji wa mbali nieleze. Kwetu mtu hasemi neno mbele ya wakubwa kabla hajawatambua wote, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao vyote, kwa mpangilio wao. Anayetambuliwa anasimama, anafunga kifungo cha koti, anapunga kulia, anapunga kushoto, anakaa. Ndipo unakwenda kwa anayefuata. Nchi nyingine nasikia mtu anasema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Na sisi tulikuwa hivyo zamani, mpaka Naibu Waziri mmoja alipolia hadharani kwa kutotajwa. Tukaufuta ule mtindo.

Tumsifu akatazama reli. Treni ilikuwa imeingia tao la kwanza, mwendo wa sherehe, kama bibi harusi. Akanirudia, macho mekundu. Nikaachia kitufe.

"Mheshimiwa Mlezi Mkuu, Baba wa Mabaraza, Mfunguzi wa Madaraja, Mwenye Neno la Mwisho," akaanza kwa kasi, pumzi zinamgongana. Mlezi Mkuu hasimami haraka. Alisimama kwa hatua, akafunga kifungo, akapunga kulia. Akapunga kushoto. Kofia yake ikaletwa. Akaketi.

"Mheshimiwa Waziri wa Vivuko—"

Meza kuu ikaguna. Nikabonyeza kitufe. Jamani! Alikuwa amemruka Mama Mlezi.

"Upya," nikasema.

"Bwana Mkongea, nakuomba. Kuna watoto mle."

"Upya, Mhandisi. Unachelewesha watu."

Treni ikaingia tao la pili. Kwaya ilisikika vizuri sasa, wale watoto wanaimba kwamba nchi yetu imevuka. Tumsifu akaanza upya. Mlezi Mkuu akasimama, kifungo, kulia, kushoto, kofia. Mama Mlezi akasimama, lakini kilemba chake kilikuwa kimenasa kwenye kiti, wakaitwa wasaidizi. Tao la tatu. Waziri wa Vivuko. Waziri wa Fedha, ambaye alikuwa anakula, akameza kwanza. Jasho lilikuwa linamdondoka Tumsifu mpaka kwenye kipaza sauti. Mimi mwenyewe, sijui ni joto la turubai au nini, shati lilinigandia mgongoni. Nilikuwa natazama treni, namtazama yeye, natazama treni. Nilitamani amalize. Wallahi nilitamani amalize, lakini kwa utaratibu.

"Mheshimiwa Waziri wa Shangwe," akasema, sauti imebaki kama uzi. Waziri wa Shangwe akaanza kusimama.

Kichwa cha treni kikaingia tao la nne.

Tumsifu akaninyang'anya kipaza sauti na kitufe chake, akaigeuzia meza kuu mgongo. Mgongo! Akatazama darajani, akapiga kelele mpaka vyuma vya turubai vikaitikia:

"Mama Tunu! Funga breki! Zamda, la tano ni tupu, usiingie! Mke wangu, simama!"

Breki zikalia. Cheche zikaruka chini ya magurudumu. Mabehewa yakagongana, wimbo wa watoto ukakatika katikati ya neno, treni ikasogea, ikasogea tena, ikatulia pua yake ikiwa imeligusa tao la tano. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hayakuwa kwenye ratiba.

Walinzi walimkamata wawili wawili. Hakushindana nao. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anarudia neno moja, "Kasimama. Jamani, kasimama."

Kule darajani Zamda akarudisha treni nyuma polepole mpaka stesheni, bila amri ya mtu, na hilo nalo liliandikwa kama kosa. Ndipo ikapigwa mizinga ya heshima. Mizinga ilikuwa kwenye ratiba. Wa kwanza ukalia, vumbi likatoka kwenye mlango wa nguzo ya tano. Wa pili ukalia. Wa tatu nguzo ikajikunja kama boksi la maziwa lililolowa, ikashuka korongoni na matao mawili juu yake. Vumbi lilipanda mpaka likaingia kwenye pilau. Kisha nikakumbuka kazi yangu, nikaokota kipaza sauti, nikasema, "Ndugu wananchi, daraja limepumzika kidogo."

Iliundwa Tume. Gharama ya Tume ilizidi ya daraja, kwa sababu daraja halilali hotelini. Ikagundua kwamba mawe ya nchi yetu yamezoea adabu, na kwamba mtu akipiga kelele mbele yake bila kutambua itifaki, mawe hupata mshtuko. Tumsifu akafungwa. Mimi nikapandishwa cheo kwa kuilinda itifaki mpaka dakika ya mwisho, nikapewa ofisi yenye mlango wa kioo.

Zamda alikuja kwenye hiyo ofisi. Walishamfukuza kazi. Alikaa bila kukaribishwa, mfuko wa chakula cha mfungwa mapajani.

"Bwana Mkongea, sikuja kugombana. Kesi inakatiwa rufaa. Wewe ulikuwa karibu naye. Ulisikia alichoanza kusema kabla hujamkata. Njoo useme hilo tu."

"Dada yangu," nikamjibu kwa upole, "nilisikia, lakini alikisema kabla ya itifaki. Kwa hiyo kiserikali sikusikia."

Nilidhani atalia, hakulia. "Wazazi wa wale watoto huwa wanampelekea chakula gerezani," akasema. "Kila mmoja zamu yake. Leo ni yangu." Akanyanyuka. Mlangoni akageuka. "Hivi lile tao mnalijenga upya?"

"Tena bora zaidi."

"Na jiwe?"

Nikamweleza kwa furaha, kwa sababu habari ya jiwe inasisimua. Nguzo yote ilisagika, lakini jiwe la Mlezi Mkuu lilikutwa chini ya kifusi halina hata mkwaruzo. Watu walipiga magoti. Tume ikaona ni ishara kwamba jiwe lilikuwa mahali pake sahihi. Basi nguzo mpya imejengwa palepale, kuzunguka jiwe lilelile, na chumba kimepanuliwa. Sasa kina milango miwili, viti vya wageni na feni. Kuta zimepunguzwa unene kupata nafasi ya viti.

Zamda aliondoka akasahau kufunga mlango.

Na leo ndiyo leo. Aa, bendi hiyo, mnaisikia? Tumeanza kutembea. Ni raha kweli, kiti kinatikisika kidogo tu. Kwaya safari hii hatukupata, wazazi wote walisema watoto wana surua, kwa hiyo mabehewa yamejaa wakurugenzi na wapambe. Dereva ni kijana wa kikosi cha walinzi. Ana nidhamu sana, ameagizwa asisimame kwa sauti ya mtu yeyote ambaye hajamaliza itifaki.

Sasa anaitwa Mhandisi mpya, Lumole. Kijana mzuri, alipata alama zote kwenye mtihani wa itifaki. Orodha imerefuka tangu mwaka jana, na mwishoni kabisa, nashukuru Mungu, nimo mimi. Ndiyo sababu nimeacha dirisha wazi. Nataka nitajwe nikiwa safarini, nisimame hapahapa, nipunge kulia na kushoto.

Anaanza. Mlezi Mkuu, vizuri. Tao la kwanza. Mama Mlezi, hajamruka, safi sana. Sauti yake lakini inatetemeka, sijui kwa nini, na anaharakisha. Usiharakishe, kijana. Tao la pili. Huyo Waziri wa Vivuko anapunga.

Kuna mtu kule nje, nyuma ya ua wa kamba, anakimbia ukingoni mwa korongo, anatutazama. Ni mwanamke. Kumbe ni Mama Tunu! Amevua kanga, anaipunga kwa mikono miwili, mdomo wazi, anasema kitu, lakini hana kipaza sauti. Nimefurahi kwamba hana kinyongo. Nimempungia na mimi.

Tao la tatu. Lumole ameangalia huku, amenyamaza, meza kuu imeguna, ameendelea. Waziri wa Fedha. Waziri wa Shangwe, bosi wangu huyo. Jamani kijana analia hadharani, lakini mpangilio hajaukosea hata kidogo. Tao la nne. Makatibu Wakuu, mmoja, wa pili. Wakitoka hao ni mimi. Ngoja nifunge kifungo cha koti.